Taa Nyekundu ya Kasuku

Jumapili, 2 Juni

Imewaka! Naandika kwa wino ili isifutike: imewaka, tena kwa jaribio la kwanza. (Ukiacha yale ya asubuhi, ambayo hayakuwa na mashahidi.)

Kasuku ni gari la marehemu baba mkwe. Aliliita hivyo kwa sababu ya rangi yake ya kijani. Injini ilikufa mwaka juzi, na tangu hapo gari limekaa uani kwetu, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitaka lipelekwe gereji. Nikakataa. Mimi ni kinyozi, sawa, lakini mtu anayefungua na kufunga mashine zake za kunyolea kwa mikono yake hatishwi na injini. Tofauti ni ukubwa tu. Nimeifumua yote. Beringi mpya, ringi mpya, tapeti mpya za kusukuma valvu. Nikaifunga kwa gundi ya gasketi, ile ya kuziba maungio, bila ubahili hata kidogo.

Familia nzima uani. Nikatoa hotuba fupi. Mke wangu akasema hotuba fupi ni ile inayokwisha. Nikazungusha ufunguo. Kasuku akakohoa, akatoa moshi, akanguruma. Makofi!

Halafu ile sauti. Tka-tka-tka-tka, kama cherehani inayoshona bati. Na kwenye dashibodi, taa nyekundu yenye picha ya kibirika cha oili, imewaka na haitaki kuzimika.

Shemeji akainua nyusi. Ndivyo alivyo: anakuachia kimya ukijaze mwenyewe. Nikakijaza. Nikaeleza kwamba hivyo ni vyuma vipya, vinazoeana. Mama mkwe alisikiliza huku ameinamisha kichwa, akasema enzi za marehemu waliweza kuongea ndani ya gari hili bila kupaza sauti. Akauliza kama Jumamosi litakuwa tayari.

Nikamwambia Jumamosi ni mbali mno, mama. Jumatano.

Jumamosi ndiyo anakwenda kwa mdogo wake. Mdogo wake amefanyiwa upasuaji wa macho, na Ijumaa anafunguliwa bandeji. Mama mkwe amekwisha kumwambia kwa simu kwamba atafika na Kasuku.

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata jibu nikiwa katikati ya kichwa cha mteja. Oili ni nyepesi! Oili nyepesi inakimbia kabla ya kufanya kazi. Tapeti zinabaki kavu, zinagonga. Jambo la wazi kabisa. Mteja alikubaliana nami, ingawa wembe ulikuwa karibu na sikio lake.

Nimefunga saluni mapema. Nimemwaga oili yote na kuweka nzito kuliko zote dukani. Ilitoka kwenye kopo polepole kama inayofikiria. Mwenye duka aliniuliza kama ni ya trekta. Nikamjibu kwa tabasamu la mtu anayejua zaidi.

Nikawasha. Kelele imeongezeka! Sasa si cherehani tena, ni watu wanaopasua kokoto. Taa nyekundu inang'aa kuliko jana.

Shemeji alipita akitoka kazini kwenye bima. Suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Aliniletea glavu za mpira, akasema oili inaharibu ngozi ya mikono, na kinyozi anahitaji mikono. Hakuna mtu mwenye nia njema anayeweza kuwa mpole kiasi hicho. Anangoja nianguke.

Glavu zinanitosha vizuri.

Jumanne, 4 Juni

Leo nimeishughulikia taa. Nilijiuliza: je, kama injini ni nzima na mwongo ni taa? Nikanunua swichi mpya, ile inayohisi presha ya oili na kuiwasha taa. Nikaifunga. Nyekundu palepale. Basi mwongo si swichi. Ni balbu.

Nikaitoa balbu. Amani! Dashibodi tulivu kama ziwa.

Kwa upande wa kelele, nilileta spika kubwa ya saluni, nikaiweka nyuma ya kiti cha dereva. Nikafungulia muziki wa dansi. Ukisimama mbele ya gari husikii tapeti kabisa. Ukikaa ndani husikii hata mawazo yako.

Sikumhesabu mama mkwe. Asubuhi hupenda kukaa ndani ya Kasuku, kiti cha abiria, na kikombe chake cha chai. Leo alihamia kwenye usukani, akageuza ufunguo nusu bila kuwasha, akaangalia. Akaniita. Akasema taa ya oili hapo zamani ilikuwa inawaka kwanza, halafu injini ikishika ndiyo inazimika, kama mtu anayebisha hodi kisha anaingia. Sasa habishi hodi. Amekwenda wapi?

Nikasema nimeitoa nikaisafishe.

Akasema nisiisafishe sana.

Nimeirudisha. Spika nayo nimeirudisha saluni, kwa sababu mama mkwe aliomba tuuzime muziki ili amsikie Kasuku anasema nini. Tukamsikia. Alisema mengi. Mke wangu alitokeza dirishani akasema baba yake aliliita gari Kasuku kwa ajili ya rangi, kumbe alikuwa anatabiri.

Walicheka sana, yeye na mama yake. Nami nilicheka, kwa adabu.

Jumatano, 5 Juni

Siku niliyoahidi. Nimeeleza kwamba nilimaanisha Jumatano kwa maana ya jumla.

Sasa nahitaji geji ya kupima presha ya oili, na mwenye nayo ni fundi wa gereji iliyo mkabala na saluni yangu. Hapo pana ugumu. Yule fundi ni mteja wangu, na kila anapokaa kwenye kiti changu, asipoweza kukimbia, nimekuwa nikimwambia kwamba mafundi makanika wanakuza mambo na kwamba injini ni nati na subira. Siwezi kumwendea na kilio.

Nikamwendea na rafiki.

Nilimwambia nina rafiki, anaishi mbali kidogo, ameunda upya injini yake, na ana wasiwasi mdogo. Fundi akafuta mikono polepole. Akauliza rafiki huyo ana shughuli gani. Nikasema ni mwashi. Akasema waashi ni watu jasiri. Akanipa geji na mpira wake, akanieleza mahali pa kuifunga, kwa ajili ya rafiki.

Nikaifunga palipokuwa na swichi. Niliikaza kwa mkono tu, kwa kuwa nilikuwa na haraka. Shemeji alikuwa amefika, ameinama kwenye boneti na shati jeupe, akinimulikia tochi bila kuombwa. Nikawasha.

Mpira ulichomoka.

Sitaeleza sana. Oili ile nzito ilikwenda moja kwa moja kifuani kwa shemeji na kuandika pale kitu kama ramani. Nilizima haraka. Nikangoja maneno makali. Kusema kweli niliyatamani, ingekuwa mara yake ya kwanza. Alijiangalia, akasema angalau sasa tunajua pampu inafanya kazi kidogo. Akavua shati. Akaazima langu. Linamkaa vizuri kuliko linavyonikaa mimi, na mke wangu alisema hivyo kwa sauti.

Mara ya pili nilikaza kwa spana. Mshale ulipanda! Si sana, lakini ulipanda! Nilipiga kelele za furaha mpaka majirani wakachungulia. Kisha shemeji akaniomba nikanyage mafuta kidogo. Nikakanyaga. Tapeti zikachachamaa, na mshale ukashuka. Nikaachia, ukapanda. Nikakanyaga, ukashuka.

Nikamwambia geji imefungwa kinyume. Shemeji aliinua nyusi.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi alikuja kunyoa. Sidhani kama ilikuwa zamu yake, maana alinyoa wiki iliyopita na kichwani hapakuwa na kazi. Alikaa, nikamfunga kitambaa shingoni, akaniuliza habari za rafiki yangu mwashi.

Nikasema anaendelea. Akauliza, rafiki yangu akikanyaga mafuta, mshale unapanda au unashuka? Nikasema unashuka, kwa bahati mbaya. Fundi alifumba macho, nadhani kwa utamu wa mashine kwenye kisogo. Akasema ungekuwa unalala chini na kupanda akikanyaga tu, angefikiria beringi zimelegea, na hiyo ni habari nyingine ndefu. Ukishuka, maana yake pampu inataka oili nyingi na haipati. Kuna kitu kimeziba mdomo inaonyonyea, kule chini kwenye karai la oili. Tapeti zinagonga kwa sababu zina njaa. Na oili nzito inazidi kuzinyima.

Hapo akafumbua jicho moja, akanitazama kwenye kioo.

"Rafiki yako alipofunga lile karai, alipaka gundi kiasi gani?"

Nikafikiri. Nikasema rafiki yangu ni mkarimu.

Fundi aliomba nisitishe kunyoa kwanza, kwa sababu mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alipotulia akasema nimwambie rafiki yangu asiiwashe tena hata mara moja mpaka afungue karai, na akikwama, mwashi yeyote anakaribishwa gerejini.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejipanga kuahirisha. Wiki ijayo ni nzuri tu. Lakini nilipokaribia dirisha la mama mkwe nilimsikia akiongea na mdogo wake kwa simu. Alikuwa anamwambia kesho wakimfungua asianze kutazamatazama watu ovyo. Atazame ukuta, sakafu, hata paka, lakini sura ya kwanza ya kuitazama vizuri iwe ya dada yake. Inaonekana wa upande wa pili aliuliza kuhusu daktari, maana mama mkwe alisema huyo daktari atupiwe jicho mara moja tu.

Shemeji alikuwepo sebuleni. Alimwambia mama yake, kwa upole wake wote, kwamba gari lake lina mafuta, lina nafasi, na wanaweza kuondoka Jumamosi bila shida. Hapo nikajua nimeshindwa. Nilisimama barazani nikingoja akubali.

Mama mkwe akamwambia asante mwanangu. Kisha akasema:

"Mdogo wangu ameishi na ukungu miaka yote hii. Akifumbua macho nataka aone kitu anachokijua. Gari lako hajawahi kuliona."

Vumbi limezidi pale barazani. Likaniingia machoni. Sikuahirisha.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeamka na mpango. Kama tatizo ni gundi, basi gundi hiyo ni yangu, na hapana haja ya shemeji kuiona. Alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kusaidia. Nikamwomba aende kuleta gasketi mpya ya karai kwenye duka la mbali kabisa, upande wa pili wa mji, maana za huko ndizo imara. Akaenda kwenye gari lake, akafungua buti, akarudi na gasketi. Alipita huko jana. Na chujio jipya la oili, na oili ya kipimo kinachotakiwa. Mtu hana hata huruma!

Basi tukaingia chini ya gari wote wawili, bega kwa bega. Tukafungua nati moja baada ya nyingine. Karai likashuka. Tukamulika.

Pampu ina mdomo wenye wavu, mithili ya chujio la chai, unaozama kwenye oili na kunyonya. Wavu sikuuona. Niliona kitu cha buluu. Minyoo ya buluu, mikia ya buluu, vipande kama jeli. Gundi yangu yote iliyominyika kwa ndani ilikuwa imekatika, ikaelea, ikanyonywa, ikaziba mdomo wa pampu kama kitambaa kwenye mdomo wa mtu. Pembeni palibaki tundu la kupitisha kidole cha mtoto mchanga.

Nikatafuta maelezo. Nilikuwa nimefikia kusema kwamba rangi ya buluu inaonyesha gundi ilikuwa halisi, ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Shemeji anacheka. Hacheki kwa adabu, anacheka kwa kuugulia, mpaka akainua kichwa na kukigonga kwenye chuma, na akaendelea kucheka akiwa ameshika paji la uso. Nikajaribu kununa. Haikuwezekana. Tulilala pale chini tukicheka kama walevi, oili ikitudondokea masikioni.

Alipopata pumzi akaniapia kwamba hatamwambia mtu. Nikamwamini. Kisha tukaona viatu viwili vya kike kando ya tairi, na sauti ya mama mkwe ikaomba aonyeshwe hicho kinachochekesha. Nikampitishia donge moja. Akalipokea, halafu viatu vikaanza kutikisika.

Tukasafisha wavu mpaka ukang'aa. Tukasafisha karai, tukaokota kila kipande. Gasketi mpya akaiweka shemeji, na gundi akagusa kidogo tu kwenye kona. Mimi nilisimamia. Kazi kama hiyo inahitaji msimamizi. Tukatia oili. Tukachomoa waya wa kuwasha moto, tukaizungusha injini kwa stata tu, ili oili ipande kwanza. Geji bado ipo pale. Mshale ukatikisika. Ukapanda. Ukaendelea kupanda!

Tukarudisha waya. Familia yote uani tena. Safari hii hakuna hotuba.

Ikawaka. Tka-tka-tka. Tka-tka. Tka. Taa nyekundu ikafifia, ikazimika. Kisha hakuna kitu. Injini ilikuwa inazunguka, mshale umesimama wima, na tulimsikia jirani akibishana na mkewe kuhusu ngazi. Nikakanyaga mafuta, mshale ukapanda badala ya kushuka. Mke wangu alinikumbatia pamoja na oili yangu yote.

Mama mkwe aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kuipaza, kwamba huyu ndiye anayemjua.

Jumamosi, 8 Juni

Safari! Mama mkwe mbele na gauni la njano. Mke wangu nyuma na mayai, kwa kuwa kuku walikataa kuhama mpaka dakika ya mwisho. Shemeji alitufuata na gari lake. Nilimwambia hakuna haja. Akasema anapenda tu mandhari. Mandhari yake yote yalikuwa mgongo wa Kasuku.

Nilimpita fundi akifungua gereji. Nikapiga honi. Alisimama, akasikiliza mpaka tukapinda kona. Akanyanyua spana juu kama bendera. Nadhani alikuwa anamsalimu mwashi.

Njia nzima nilitazama taa kuliko barabara, mpaka mama mkwe akaomba tubadilishane: yeye atazame taa. Haikuwaka. Kwenye kilima kirefu niliacha kupumua, naye akaniambia nipumue, gari linaweza lenyewe. Walikuwa wanapita hapo na marehemu, akasema, na marehemu naye alikuwa anaacha kupumua.

Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya lango, miwani myeusi usoni. Tulipokaribia alisimama. Akavua miwani. Akalitazama gari kwanza, akalizunguka lote, akagusa taa, akagusa mlango, akasema kijani hiki alikuwa amekisahau, alidhani kilikuwa cheusi zaidi. Mama mkwe alibaki amekaa ndani, mikono mapajani, akingoja zamu yake kama mtoto wa shule. Kisha mdogo wake akainama dirishani, akamtazama. Akatazama sana.

"Dada, umezeeka."

"Wewe je? Hujajitazama kwenye kioo?"

"Nilitazama. Nikakifunika kioo ndiyo nikaja kukungoja hapa."

Wakaanza kucheka, na walipokumbatiana kupitia dirishani gauni la njano likanasa kwenye kitasa, na hakuna aliyejali. Shemeji alikuwa ameegesha nyuma yetu. Nilimwona akifuta uso kwa mkono wa shati langu. Bado hajalirudisha.

Jumapili, 9 Juni

Tumelala hapa. Asubuhi madada wawili wamekaa ndani ya Kasuku na vikombe vya chai, hawaendi popote, wanaongea. Dada mkubwa anaonyesha kitu, mdogo anataja rangi yake.

Nimepata nafasi ya kutafakari wiki hii kwa utulivu. Nimejifunza mambo muhimu. Kwanza, nilikuwa sahihi tangu mwanzo kwamba gari lisipelekwe gereji. Pili, shemeji ana kipaji cha ufundi, nacho kimeonekana chini ya uongozi wangu. Tatu, mwanzo wa injini ni mgumu, lakini aliyeunda upya moja amezielewa zote.

Nasema hivyo kwa sababu mama mdogo ana mashine ya kuvuta maji kisimani. Inakwaruza. Fundi wao amesema ni mkanda tu umelegea, atakuja kesho kuukaza. Mkanda tu! Watu wanaridhika upesi. Nilipomaliza kifungua kinywa niliifumua yote, nikapanga vipande kwenye mkeka kivulini. Ni vingi kuliko nilivyotarajia kwa mashine ndogo hivyo, na vingine vinafanana. Shemeji aliuliza kama niliwahi kufungua mashine ya maji. Nikamwambia ni injini isiyokwenda popote, basi. Akainua nyusi, akaenda kutafuta ndoo.

Mama mdogo naye alikuja kuona. Alisimama juu ya mkeka na yale macho yake mapya, akatazama kipande kimoja kimoja mpaka mwisho wa mkeka. Akasema hii ni mara ya kwanza tangu bandeji zitolewe ametamani kuyafumba.

Ni mwanga huo. Daktari alimwonya kuhusu mwanga. Nimemshauri akapumzike ndani, na nikamhakikishia kwamba jioni ataoga kwa maji ya bomba.